Hatua ya sita haifanyiki kwenye simu

Injili ya Zakayo ikisomwa Magomeni, Dar es Salaam, haibaki Yeriko. Wengi wetu huku tunaishi kwa Kariakoo: alfajiri tunapanda mwendokasi pale Mapipa au Usalama, tunavuka Jangwani, tunafungua maduka au tunatandika turubai chini, jioni tunarudi na hesabu za siku kichwani. Ukimsomea mtu wa namna hiyo habari za mkuu wa watoza ushuru aliyepanda juu ya mti, usitegemee azungumzie mti.

Mimi nauza vyombo vya plastiki Kariakoo, na ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Magomeni Mikumi. Katibu ndiye anayeshika daftari la majina, kwa hiyo tulipofungua grupu la WhatsApp la kusoma Injili, uadmini ukaniangukia mimi bila kura. Naandika kutoka kwenye kiti hicho. Nasikia maneno ya pande mbili na zote mbili zinanikera. Upande mmoja, wazee wanasema Neno la Mungu halina mahali kwenye simu yenye picha za harusi na matangazo ya mikopo. Upande wa pili, wapo wanaosema kwa kuwa tunasoma kwenye simu, ile sala ya jumuiya ya Jumamosi asubuhi, uani kwa mtu, haina kazi tena.

Nianze na wazee. Jumuiya hizi zenyewe ziliwakuta hao hao. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaamua kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe kuanzia kwa majirani wanaosali na kusaidiana, na uamuzi huo ulionekana wa ajabu kwa waliozoea kwamba Injili inafunguliwa na padre peke yake. Baadaye ikaja njia ya hatua saba kutoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya nyingi Tanzania zinaitumia hadi leo: tunamwalika Bwana, tunasoma, kila mmoja anarudia neno lililomgusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaamua la kufanya, tunasali. Na hapa Magomeni kwenyewe ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa harakati za TANU, sasa ni makumbusho. Mtu yule aliichukua Injili ya Luka pamoja na zile nyingine tatu na Matendo ya Mitume, akazigeuza kuwa tenzi, zikachapishwa na Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Sijasikia mzee hata mmoja akilalamika kwamba Luka ameshushwa hadhi kwa kuwekewa vina.

Grupu limetuletea watu ambao Jumamosi hatukuwahi kuwaona. Yuko mlinzi wa usiku wa ghala moja, ambaye saa kumi na mbili asubuhi, wakati sisi tunaanza kuimba, yeye ndiyo kwanza anavua koti alale. Yuko bibi asiyejua kusoma. Zamani alikaa mkekani kimya kwa sababu ukurasa ulipita mkono kwa mkono ukamruka. Sasa mjukuu wake anamwekea sauti ya somo, naye anashika kitufe anaongea, na kwa kweli ndiye anayeongea vizuri kuliko sisi wote. Yuko binti wa mtaa wetu anayefanya kazi za ndani Muscat. Kule wako mbele yetu kwa saa moja tu, lakini hana muda hadi watoto wa watu walale, kwa hiyo sauti yake huingia usiku, ya chini chini, karibu kunong'ona. Nani kati ya wazee hao atanionyesha mkeka unaofika Muscat?

Hata ile hatua ya nne, ukimya, ambayo uani huharibiwa na kuku na pikipiki na watoto wa jirani, kwenye simu inakaa yenyewe. Mtu anasoma asubuhi, anauza kutwa, anajibu jioni. Jibu lililokaa kutwa dukani lina uzito wake.

Ila grupu lina ugonjwa, nao unaitwa kufowadi. Unaweka somo saa kumi na moja alfajiri, na kabla hata mtu mmoja hajasema limemgusa nini, inashuka video ya mhubiri wa Nigeria, halafu sala ya kuamka ya kutuma kwa watu kumi, halafu picha ya malaika anayemeremeta. Anayetuma hajasoma kitu. Amepitisha tu mzigo wa mwingine. Nimeshaweka sheria kwamba hakuna kufowadi chochote kabla hujasema neno lako mwenyewe kuhusu somo la siku, hata kama neno lenyewe ni kwamba hujaelewa. Wawili walijitoa. Nikawaacha waende.

Sasa nirudi kwa Zakayo. Kanisa humsoma kila mwaka, Jumanne ya juma la 33, Luka 19 mstari wa 1 hadi 10, na mwaka C wa liturujia humsoma pia Jumapili ya 31. Mwaka 2025 Jumapili hiyo iliangukia Novemba 2, ikachukuliwa na Kumbukumbu ya Marehemu Wote, kwa hiyo Zakayo akatufikia Jumanne, Novemba 18.

Wafanyabiashara walimvamia. Ilikuwa kama wamekuwa wakimsubiri. Mmoja alikumbusha Mei 2023, maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa kulalamikia kamatakamata ya kodi hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Mwingine akaleta Juni 2024, maduka yalipofungwa tena, wiki ile ile ambayo vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga muswada wa fedha huku wakimwimbia rais wao ashuke mtini. Jina la Zakayo walikuwa wameshampa William Ruto siku nyingi. Kukawa na vicheko, stika za mtu juu ya tawi, na sauti ndefu ndefu za watu waliowahi kufungiwa duka. Kila mmoja alimjua Zakayo wake, alijua hata gari analoendesha.

Aliyetuharibia raha ni mwalimu mstaafu, mtu wa historia. Alituma sauti fupi tu. Alieleza kwamba Warumi hawakuwa na maofisa wa kodi wa kutosha kila mji, kwa hiyo kazi ya kukusanya ushuru wa njiani na wa bidhaa waliiuza. Mwenye mtaji alichukua zabuni, akatoa fedha zake, kisha akazirudisha kutoka kwa wapita njia, na kilichozidi kilikuwa chake. Yeriko ilikuwa mji wa njia kuu, yenye mashamba ya zeri iliyouzwa kwa bei kubwa. "Kwa hiyo," akasema mwalimu, "Zakayo alikuwa wakala. Alikuwa mtu wa mtaji na faida. Yuko karibu zaidi na ninyi wenye maduka kuliko na afisa wa serikali mwenye mshahara."

Grupu likapoa.

Ndipo yule mama anayetuuzia vitumbua kwenye kona, ambaye huwa haongei, akabonyeza kitufe. Alizungumza taratibu, nyuma yake mafuta yakisikika yanachemka. Aliuliza kwa nini akienda Kariakoo anaambiwa bei mbili, moja ya mwenye kutaka risiti na moja ya asiyetaka. Mashine za risiti za EFD zipo tangu mwaka 2010, akasema, yeye anaziona juu ya meza zimefunikwa kitambaa. Akauliza kwa nini pisi ya kitenge iliyoandikwa yadi sita, fundi wake akiipima inapungua. Akauliza, kama Zakayo alisema atarudisha mara nne, je, hapa kwenye grupu ataanza nani?

Mwalimu akaongeza jambo ambalo naliona ndilo kiini cha somo zima. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake na kukiri arudishe kile alichochukua pamoja na sehemu ya tano juu yake. Kurudisha mara nne ilikuwa adhabu ya aliyeiba kondoo, akamchinja au akamuuza. Zakayo hakukamatwa na mtu. Angeweza kutoa ile nyongeza ndogo akabaki mtu mwema, lakini alijipimia kipimo cha mwizi, hadharani, mbele ya Yesu mgeni wake na mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika. Tena alitaja kiasi, na alitaja nusu ya mali yake ni ya nani. Ilikuwa ahadi ambayo jirani yeyote angeweza kuja mlangoni kesho yake kuidai.

Tulifanya nini baada ya sauti ya mama wa vitumbua? Tuliandika Amina. Amina zilishuka kama mvua ya masika, na mikono ya kusali, na mmoja akaandika kwamba ameguswa sana. Halafu mtu akaweka orodha ya mchango wa msiba, watu wakaanza kujiandikisha namba, na Zakayo akapanda juu ya skrini akapotea. Watu waliokuwa na maneno mengi juu ya afisa wa kodi hawakuwa na neno juu ya yadi sita.

Hapo ndipo nina ugomvi na wale wa upande wa pili, wanaotaka Jumamosi ife. Hatua tano za kwanza grupu linazifanya, tena nyingine linazifanya vizuri kuliko uani. Hatua ya sita, ya kuamua nini kifanyike, nani afanye, lini, haifanyiki pale. Kwenye simu mtu anaweza kunyamaza na hakuna anayejua kama amenyamaza kwa toba au anakaanga samaki. Uani, ukinyamaza, unanyamaza ukiwa umekaa mkeka mmoja na mtu unayemdai au anayekudai, na mwenyekiti anakutazama.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alikataa kufungua somo jipya. Alisema bado tuko Yeriko. Akauliza hatua ya sita ya Zakayo ni ipi kwa jumuiya hii, na kwa kweli palikuwa na kimya cha aibu, kuku na pikipiki vikasikika vyote. Kisha mzee mmoja akauliza kwa sauti ya mzaha, "Mama, hivi wangapi humu tunakula vitumbua vyako kwa mkopo?" Mama akacheka, akasema daftari analo. Lililoamuliwa asubuhi ile lilikuwa dogo na la fedha taslimu: kila mwenye deni la mama alipe kabla ya Jumamosi nyingine, na katibu akague daftari. Muuza vitenge mmoja, bila kuulizwa, akasema kuanzia Jumatatu atapima kila pisi mbele ya mteja. Madeni ya vitumbua yalilipwa karibu yote. Kuhusu vitenge naweza kusema tu kwamba futi ya kupimia sasa inaning'inia dukani kwake mahali inapoonekana.

Bila sauti ya mama kwenye simu, uani tusingekuwa na la kuamua, maana uani mama huwa haongei mbele ya wenye maduka. Na bila uani, sauti yake ingezikwa chini ya Amina. Ndiyo sababu sikubaliani na wazee wala na wale wanaotaka Jumamosi ife.

Kuna sababu nyingine ya kutoiua Jumamosi, na hii kila mtu wa Dar es Salaam anaijua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika, jiji likawekewa amri ya kutotoka usiku, na mtandao ulianza kurudi mwanzoni mwa Novemba. Siku zile grupu letu halikuwa na hata alama moja. Tuliojua mlango wa nani uko wapi tulibisha hodi mchana, tukaulizana nani hana dawa na nani hajasikia habari za mwanawe. Makundi yasiyokuwa na mlango, ya watu waliokutana mtandaoni wakasoma Injili kwa miezi bila kujua mwenzao analala mtaa gani, sijui yalifanya nini. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi mtaani kwetu, kukutana hakukuwa fumbo: swala za jamaa za mchana ziliwakutanisha, nao ndio waliotuletea habari za mtaa wa pili.

Kwa hiyo nawaomba maparoko na wenyeviti wa jumuiya waache kuyaonea haya magrupu haya. Wayape utaratibu. Somo liwekwe mapema, anayejua kusema na asiyejua kusoma wapewe sauti, kufowadi kuzuiwe hadi mtu aseme lake. Na somo lisifungwe hadi Jumamosi, uani, pawe pameandikwa kwenye daftari jina la mtu, kazi yake na siku ya kuitimiza, na Jumamosi inayofuata aulizwe. Yule wa Muscat naye apewe kazi inayofanyika kwa simu. Sisi tulimwomba ampigie yule bibi asiyejua kusoma kila Jumapili, na anapiga.

Nawe msomaji uliye kwenye grupu kama letu, siku Zakayo akirudi usiandike Amina. Andika ni nani anayekudai haki yake, na utaipeleka lini.