NYUMBA ZA WAFANYA KAZI ZITAJWE KWANZA



Sisi wa Diani tulio katika kazi ya reli hatukukua tukisikia mlio wa gari moshi. Reli haijafika Diani hata leo, na tukienda kazini twavuka kwa feri pale Likoni. Lakini habari ya ardhi ya reli Nairobi yatuhusu sana.

Desemba 2022 Serikali ilizindua mpango wa Nairobi Railway City. Eka 425 kuzunguka stesheni kuu zigeuzwe ofisi, maduka na nyumba za kukaa. London walifanya hivyo King's Cross: ghala la nafaka la reli likawa chuo cha sanaa mwaka 2011, na bohari za makaa ya mawe zikawa maduka mwaka 2018. Vema.

Wala hatuna ugomvi na wachoraji. Katika Industrial Area ya Nairobi, godauni kuukuu la Dunga Road liligeuzwa makao ya sanaa mwaka 2003, likaitwa GoDown Arts Centre. Mchoraji na mpiga ngoma ni wafanya kazi kama sisi, na kodi ikipanda watahama kama sisi.

Twauliza hivi: fundi wa karakana na mpakia mizigo watalala wapi? Maana Diani twaujua mchezo huu. Hoteli na majumba mazuri yako ufukweni, yapata upepo wa bahari. Mpishi, mtandika vitanda na askari wa zamu wamepanga vyumba Ukunda, na usiku wakitoka kazini warudi huko kwa miguu, au kwa bodaboda kama senti zimebaki. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo! Ni kodi.

Na Muthurwa je, zile landhi zilizojengewa watu wa reli? Mwaka 2010 wapangaji, wazee wa reli wakiwamo, walikatiwa maji ili wahame. Walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka mitatu kungoja neno hilo.

Basi mikutano ya matawi iulize, na majibu yaletwe kwa maandishi: nyumba ngapi ni za wafanya kazi, kodi yake shilingi ngapi kwa mwezi, na nani atakayezigawa. Tusikubali kuambiwa tungoje mpaka majengo yaishe. Makatibu wa matawi wayaweke maswali haya katika kumbukumbu za mkutano ujao.