Tangi la Samaki Lisilopiga Kelele

Askari aliyekesha lindoni hurudi nyumbani alfajiri akitaka jambo moja tu, nalo ni usingizi. Ikiwa sebuleni mna tangi kubwa la samaki ambalo bomba lake hugugumia kila baada ya nusu dakika, usingizi huo hauji. Hapo watu wa nyumbani hushauri pampu izimwe mchana. Shauri hilo ni la hatari, kwa maana pampu ikisimama kwa saa nyingi, maji hupungukiwa na hewa, na samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa kutoka Bujumbura hadi Ulaya na Marekani kuwa pambo la nyumba, ni wepesi wa kudhurika. Lifaalo ni kurekebisha mabomba.

Chini ya tangi kubwa, ndani ya kabati, huwekwa tangi dogo lenye machujio. Maji ya juu hufurikia kisanduku cha pembeni, huteremka kwa bomba, kisha pampu huyarudisha. Yakiteremka pamoja na hewa, bomba hukoroma. Bomba lililojaa maji matupu halina sauti. Kila dereva aliyepata kufyonza petroli pipani kwa mpira amekwisha kuliona jambo hili: mpira ukijaa, petroli hupita kimya, ukiingiwa na hewa, hugugumia na kukatika.

Shida ni kwamba bomba linalofyonza haliwezi kulinganishwa na pampu sawasawa. Likizidi kidogo, huvuta hewa; likipungua kidogo, maji hupanda hata yakamwagika. Kwa sababu hiyo hutumika mabomba matatu. La kwanza hufyonza, nalo peke yake hutiwa koki. Mdomo wa la pili uko juu zaidi, nalo huchukua ile tofauti ndogo tu. La tatu, lililo juu kuliko yote, hukaa kavu likingoja balaa. Ncha yake ya chini haizamishwi majini, ili siku likifanya kazi kelele yake iwe kengele ya nyumba. Mabomba haya mawili hayatiwi koki kamwe.

Koki ifaayo ni ile ya gurudumu, izungushwayo mara nyingi. Ile ya mkono, ambayo hufunga kwa robo ya mzunguko, haina subira ya kazi hii. Ncha ya chini ya bomba la kwanza izamishwe sentimita 2 au 3 tu. Ikizama mno, hewa iliyomo hushindwa kutoka.

Pampu huwashwa koki ikiwa wazi kabisa. Kelele itakuwa kubwa, na hiyo si dalili ya ubovu. Koki hufungwa kidogo kidogo, na kila mara husubiriwa dakika kadhaa, kwa kuwa maji ya kisanduku hayapandi upesi. Mdomo wa bomba la kwanza ukisha kufunikwa vema, ukoromaji hukoma. Wengi hapo huacha, wakifurahi. Yafaa waendelee kidogo, mpaka mchirizi mwembamba uingie katika bomba la pili. Mchirizi huo ndio usalama: pampu ikibadilika kidogo, ni wenyewe unaoongezeka au kupungua, na bomba la kwanza halivuti hewa.

Kisha lifanyike jaribio ambalo wengi huliogopa. Pampu ikiendelea kufanya kazi, koki ifungwe kabisa kana kwamba konokono ameziba bomba. Mabomba mawili yaliyobaki lazima yahimili maji yote. Yasipohimili, pampu ni kubwa mno, na ni heri kulijua hilo mchana, mwenye nyumba akiwa amesimama na ndoo mkononi.

Umeme nao hukatika. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, kila sentimita 1 ya maji ni lita 6. Yakishuka sentimita 4, lita 24 huteremka kwa mara moja. Tangi la chini liachiwe nafasi ya kuyapokea, la sivyo zulia ndilo litakalolowa.

Baada ya miezi pampu huingia uchafu na kudhoofika. Mchirizi hukoma na mgugumio hurudi. Pampu isafishwe kwanza, ndipo koki iguswe.