Wazee wa soko wasiachwe nyuma ya simu

Soko la Muyinga lipo palepale, na la Gitega halikuhama. Kilichohama ni habari. Bei ya mchele upande wa Ngara, lori lililokwama Kobero, mteja anayetafuta magunia ya maharage: mambo haya siku hizi hupita kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, ndipo yafike sokoni. Anayeyapata alfajiri hununua kwa bei ya alfajiri. Anayeyasikia saa nne kwa jirani wa meza hununua kilichobaki.

Wengi wa hao wa saa nne ni wazee. Ni akina mama na akina baba waliokuwa wakivuka Kobero na Kabanga kabla Burundi haijajiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 1, 2007. Wanajua nani hulipa deni na nani hubadilisha laini ya simu kila akidaiwa. Wanajua gunia lililoloweshwa kwa kulishika tu. Ujuzi huo haufundishwi chuoni, na sasa unaondoka sokoni polepole kwa sababu wenye nao hawamo kwenye kundi.

Gazeti hili linaamini kwamba kumsaidia mfanyabiashara mzee aanze kutumia mitandao ya kijamii ni kazi ya biashara kama zilivyo kazi nyingine za biashara. Isichukuliwe kuwa hisani ya mjukuu siku ya mapumziko.

Tuangalie hasara ilivyo. Mzee asiyeweza kusoma ujumbe wake humpa simu kijana wa karibu amsomee. Kijana huyo anajua bei kabla ya mwenye mali, na akitaka anaweza kumtajia nyingine. Baya zaidi, mkono uleule unaosoma ujumbe ndio unaopewa namba ya siri ya Lumicash au EcoCash ili utume pesa. Hapo mzee hana tena siri ya mtaji wake. Pesa ikipungua, hana ushahidi, na mara nyingi hasemi, kwa kuwa anayemshuku ni mtoto wa ndugu yake.

Vijana wengi wanapenda kusaidia, lakini wanasaidia vibaya. Mzee akiuliza, simu hunyakuliwa mkononi mwake, vidole vinakimbia, kisha anarudishiwa: "Tayari, bibi." Bibi hakujifunza kitu. Kesho ataona haya kuuliza tena, hasa mbele ya wateja wanaomheshimu. Kanuni ya kwanza iwe hii: simu ibaki mkononi mwa mwenyewe, na anayefundisha aelekeze kwa mdomo.

Kanuni ya pili ni kuanza na sauti. Tangu mwaka 2013 WhatsApp inaruhusu kutuma ujumbe wa sauti: unabonyeza alama ya kipaza sauti, unasema, unaachia. Asiyejua kuandika anaweza kuagiza bidhaa Kabanga kwa Kirundi au Kiswahili chake, na maneno yake yakabaki kama kumbukumbu ya makubaliano. Baada ya sauti ifuate picha: picha ya gunia, ya mizani, ya karatasi ya forodha. Herufi za simu ziongezwe ukubwa, na lugha ya programu iwekwe Kiswahili ikiwa Kifaransa kinamchanganya. Mambo mengine yasubiri.

Kanuni ya tatu ni tahadhari, na ifundishwe siku hiyohiyo ya kwanza. Namba ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp wakati wa kujisajili hapewi mtu yeyote, hata anayejiita wakala au mtoto wa rafiki. Anayeipata anaweza kuichukua akaunti na kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Ujumbe wenye mishale miwili umesambazwa mara nyingi; mishale hiyo haisemi kuwa ni uongo, inasema tu kwamba aliyekutumia huenda hajui ulikotoka. Na mtu anayeomba pesa kwa maandishi apigiwe kwanza, sauti yake isikike.

Wapo watakaosema mitandao ina uongo na matapeli, afadhali wazee wakae mbali. Hofu hiyo ina msingi. Lakini uongo wa mtandaoni unamfikia mzee hata asipokuwa na simu janja, tena ukiwa umeshapita midomo mitano. Mfano ni tetesi za ushuru mpya. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti rahisi cha asili pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Asiyelijua hili ataamini kiwango chochote atakachotajiwa njiani, na atalipa.

Tena makundi yenyewe yanawahitaji wazee. Burundi ina mila ya bashingantahe, watu wazima wanaoaminiwa kusikiliza ugomvi na kuutuliza kabla haujafika mbali. Kwenye kundi la wafanyabiashara deni dogo hugeuka matusi ya watu mia mbili kwa saa moja, kwa sababu hayupo mwenye umri wa kusema: basi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wawepo.

Hatusemi simu ichukue nafasi ya soko. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipoanza Bujumbura, WhatsApp na mitandao mingine ilifungwa kwenye simu nchini Burundi. Mfanyabiashara mwenye busara huandika namba za wateja wake kwenye daftari pia. Hilo wazee wanalijua kuliko vijana, na hapo wao ndio walimu.

Kinachotakiwa si bajeti kubwa. Vyama vya wafanyabiashara na ushirika wa Muyinga na Gitega vitenge saa moja kwa wiki, siku isiyo ya soko, kijana mmoja akae na wazee wawili au watatu, si thelathini. Mwanamke mzee afundishwe na mwanamke ikiwa ndivyo anavyojisikia huru. Kampuni za simu zinazokusanya ada kwenye kila muamala ziwape mawakala wao muda wa kueleza badala ya kubonyeza kwa niaba ya mteja. Maofisa wa forodha wa Kobero na Kabanga watoe matangazo yao kwa sauti, kwa Kirundi na Kiswahili, ili yasambazwe yakiwa sahihi.

Viongozi wetu wanazungumzia reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, na ni vema. Lakini reli itachukua miaka. Kumwonyesha mama wa soko namna ya kutuma sauti yake ng'ambo ya mpaka kunachukua mchana mmoja. Kila msomaji wetu anamjua mmoja. Aanze na huyo, wiki hii.