Sura ya miji ya Iringa na Mbeya isifutwe

Katika miji ya Iringa na Mbeya ziko nyumba za zamani zinazoondoka moja baada ya nyingine bila ya kelele. Leo inabomolewa baraza ya duka, kesho zinang'olewa nguzo na milango ya mbao, na keshokutwa mahali pake panasimama ukuta wa vioo ambao ungeweza kuwa katika mji wowote duniani. Anayefanya hivyo mara nyingi hakuvunja sheria. Alipeleka ramani, akalipa ada, akapewa kibali. Kibali hicho kilichunguza uimara wa msingi, mpaka wa kiwanja na mahali pa choo. Ni nadra kikauliza jengo jipya litakaaje na majirani zake.

Jambo hili si dogo, wala si la watalii peke yao. Mji wa Iringa ulichukua jina lake katika neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ngome yenyewe ya Mtwa Mkwawa, huko Kalenga, ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba, 1894, nao wakaujenga mji wao juu ya kilima. Boma walilolijenga mwaka 1900 lingalipo, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho yanayoeleza historia ya watu wa mkoa huo. Karibu nalo ziko mitaa ya biashara, na jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa, iliyojengwa miaka ya 1930. Mbeya nayo ilianza mwaka 1927, wakati wa mbio za dhahabu ya Lupa, na maduka ya Uhindini ni mashahidi wa siku hizo: duka mbele, makazi nyuma, na baraza upande wa barabara ambapo mpita njia hujikinga na mvua ya masika bila ya kuombwa anunue kitu. Mtu aliyeivumbua baraza hiyo aliijua hali ya hewa ya Nyanda za Juu. Anayeibomoa ili aongeze hatua mbili za duka hajui anachokiondoa.

Wapo watakaouliza: kwa nini Taifa huru litunze majengo ya wakoloni na mitaa iliyogawa watu kwa rangi zao? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Ni kweli kwamba majina kama Uhindini na Uzunguni yanatukumbusha ubaguzi. Lakini tofali zile zilifinyangwa na kuchomwa na mikono ya Waafrika, na mawe yale yalibebwa mabegani mwa babu zetu, wengi wao bila ya hiari. Jengo likiondoka, jasho lao linakosa shahidi. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kwenye Boma la Iringa anaweza kuwaonyesha dola iliyomwinda Mkwawa hadi kifo chake mwaka 1898, na jinsi wananchi walivyokuja kulitwaa jengo la dola hiyo kuwa lao. Somo hilo halifundishiki mbele ya kiwanja kitupu.

Tena majengo haya ni mali yetu kwa maana iliyo wazi kabisa. Sheria ya mwaka 1971 ilizitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa hiyo katika miji yetu mingi mwenye nyumba ya zamani ni umma wenyewe. Umma hauwezi kumtaka mfanyabiashara atunze nguzo zake iwapo majengo ya umma ndiyo ya kwanza kupoteza zao.

Upungufu mkubwa uko katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo hakukuwa na mji wa Mbeya, wala Boma la Iringa. Jengo la baadaye hulindwa tu Waziri mwenye dhamana akilitangaza katika Gazeti la Serikali. Ni dhahiri kwamba mitaa yote ya zamani ya miji hii miwili imeangukia upande wa pili wa mstari huo. Kuungojea mstari usogezwe ni kungojea hadi pasibaki cha kulinda. Lakini halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ndizo zinazotoa vibali. Kazi inaweza kuanza hapo.

Tunashauri viwango vichache vinavyoeleweka na fundi yeyote. Kwanza, baraza iliyopo mbele ya duka isifungwe wala isivunjwe, na jengo jipya katika safu hiyo liwe na baraza yake, ili mpita njia asikatizwe. Pili, upande wa barabara jengo jipya lisiwapite mno majirani kwa kimo; anayehitaji ghorofa zaidi azijenge nyuma ya kiwanja. Tatu, mabango ya biashara yasifunike matao, madirisha wala tarehe zilizochongwa ukutani. Nne, ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa utengenezwe kwa chokaa, kwa maana plasta ya saruji huufungia unyevu ndani na kuuozesha polepole. Viwango hivi havimkatazi mtu kuweka umeme, maji au choo cha kisasa. Na kwa kuwa utunzaji una gharama, halmashauri impunguzie ada ya kibali yule anayekubali kuutunza uso wa nyumba yake.

Hata hivyo, kanuni peke yake haizuii mvua. Zanzibar ilikuwa na mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Wahenga walikwisha tuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uko ukuta ambao ukianguka haujengeki tena.

Kabla ya yote, hapana budi ijulikane kilichopo. Maafisa mipango miji wa Iringa na Mbeya waanze na orodha: mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, pamoja na picha, vipimo na hali ya paa. Walimu wa historia na wanafunzi wao wanaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa kuwauliza wazee nani alijenga na nani aliishi humo. Orodha hiyo ikiwa mezani, afisa atakayeletewa ombi la kubomoa atajua anachotia saini. Leo mara nyingi hajui, na saini yake haina marudio.