Uhalali wa kuazima hautoshi kwa Kongo

Mwaka wa 2025, hatima ya mashariki mwa Kongo ilijadiliwa mbali sana na Kivu. Tarehe 27 mwezi wa sita, mawaziri wa mambo ya kigeni wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani mjini Washington. Tarehe 19 mwezi wa saba, wajumbe wa serikali na wa AFC/M23 walitia sahihi tamko lao mjini Doha. Anayekimbia risasi hana haja ya kuuliza meza ya amani imewekwa wapi. Hata hivyo, sisi wakaaji wa mashariki tuna haki ya kuuliza jambo moja: serikali yetu inapata wapi haki ya kutawala? Kwa raia wake, ao kwa wale wanaoitambua kutoka nje?

Swali hili ni la zamani kama inchi yenyewe. Mwaka wa 1884 Marekani ilikuwa ya kwanza kuitambua bendera ya shirika la Mfalme Léopold II, na mwaka wa 1885 mataifa yaliyokutana Berlin yakakubali dola lake. Hakuna Mkongomani aliyeketi pale. Dola lilipata uhalali kwa wageni kabla ya kujulikana na watu liliodai kuwatawala. Uhuru wa 1960 ulibadilisha bendera na viongozi, lakini mazoea hayo hayakufa: kiongozi anaangalia kwanza nani anamtambua nje, ndipo anageuka kuangalia raia.

Tukumbuke uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Wakaaji wa Beni, Butembo na Yumbi hawakupiga kura siku ile. Kule Beni na Butembo, tume ya uchaguzi CENI ilitaja Ebola na usalama mdogo. Kura yao ilisogezwa hadi mwezi wa tatu 2019, wakati Raisi mupya alikuwa amekwisha kuapa tangu tarehe 24 mwezi wa kwanza. Katikati ya hayo, maaskofu wa CENCO, waliokuwa wametuma waangalizi karibu 40.000, walisema matokeo ya CENI hayalingani na yale waliyokusanya. Umoja wa Afrika uliomba kutangazwa kwa matokeo ya mwisho kungojewe. Mahakama ya Katiba haikungoja, na baada ya siku chache miji mikubwa ya kigeni ikakubali.

Hapo ndipo penye shida. Neno la miji ya kigeni lilikuwa na uzito kuliko kura ya mtu wa Butembo, ambayo haikuwa hata imepigwa. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini anapokataa kulipa kodi?

Madini yanaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayoomba makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka katika maeneo yetu ya vita. Mwezi wa tisa, Kinshasa ikasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi mwezi wa tatu 2011. Wachimbaji walikaa bila kazi, na biashara ya siri haikukoma. Baadaye vikaja vibandiko vya kufungia mifuko ya koltani, ili mnunuzi wa mbali ajue mfuko umetoka mgodi gani. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mgodi ukawa safi pale mnunuzi wa nje anapoukubali. Je, barabara ya kwenda mgodini ilitengenezwa? Shule ya watoto wa wachimbaji ilijengwa? Maswali hayo hayakuandikwa kwenye kibandiko.

Rubaya, katika Masisi, imetupa jibu. M23 iliuteka mji huo mwaka wa 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kikundi hicho kinakusanya huko kodi ya karibu dola 800.000 kila mwezi. Bunduki ilibadilisha mwenye kukusanya, na koltani ikaendelea kupata wanunuzi. Masoko ya dunia yanaweza kumlisha yeyote anayeshika kilima. Kwa hiyo serikali inayotegemea masoko hayo ili iheshimiwe inajenga juu ya mchanga.

Wengine watasema: bila mashirika ya kigeni, makanisa na Umoja wa Mataifa, tungekuwa wapi? Ni kweli, na tusiwe watu wasio na shukrani. Ndugu zetu walio Ulaya na Amerika wanalipia wengi wetu dawa na masomo. Makanisa yanaongoza sehemu kubwa ya shule zetu, na Radio Okapi iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2002 iliunganisha inchi iliyokatwa vipande. Lakini musaada wa jirani haumpi baba wa nyumba ruhusa ya kulala. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku mwenyewe anapoidai, unabaki uchi, na uchi huo tumeuona mashariki zaidi ya mara moja.

Basi mikataba ya Washington na Doha ipimwe huku kwetu. Mwalimu wa Walikale apate mshahara wake bila mzazi kumchangia, kwa sababu Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ni bure. Sehemu ya kodi ya madini inayopaswa kurudi kwa vijiji vya wachimbaji irudi, na hesabu yake ibandikwe mahali kila mtu anaweza kuisoma. Na uchaguzi unaokuja usimtangaze Raisi yeyote kabla ya Beni, Masisi na Rutshuru kupiga kura. Wageni wanaweza kushuhudia ndoa, lakini hawawezi kuoana kwa niaba ya wenyewe.