Tukibishana Kuhusu Wafu Wetu, Tuonyeshane Vyanzo

NENO LA JUMA
Na Furaha Mapendo

Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji walivamia Nyankunde, jirani na Marabo, katika Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakaua watu hadi ndani ya hospitali. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2003 ilisema waliouawa ni 1,200 kwa uchache. Waliofiwa nao wana hesabu yao, na hiyo ni ya majina. Sasa tuseme kijana wa Marabo afungue Wikipedia kwenye simu yake, aandike idadi aliyoisikia kwa baba yake. Baada ya saa moja mtu aliye Kampala au Brussels aifute, kwa kuwa haina chanzo. Kijana airudishe, yule aifute tena. Ugomvi umeanza, na kwetu Ituri ugomvi wa kuhesabu wafu haujawahi kuwa jambo dogo.

Kijana huyo ana haki ya kuumia. Lakini aliyemuuliza chanzo naye hana kosa.

Wikipedia ni kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea. Ile ya Kiswahili ipo tangu 2003, na wanaoisimamia, wale wanaoitwa wakabidhi, ni wachache mno kwa lugha kubwa kama hii. Utaratibu wa kuamua mabishano huko unafaa kujulikana na kila mtu mwenye simu. Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Ukifutiwa maandishi, huyarudishi kwa nguvu: unakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, unaweka chanzo chako, na mwenzako anaweka chake. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye makala moja anaweza kufungiwa asihariri. Mkishindwa kuelewana, anaombwa mtu wa tatu asiye na upande. Ikishindikana tena, suala linapelekwa mbele ya wahariri wote, na huko uzito wa hoja unatangulia wingi wa kura. Ndivyo mwaka 2017 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walivyokubaliana kwamba Daily Mail, gazeti kubwa la Uingereza, kwa jumla lisitumike kama chanzo.

Naunga mkono utaratibu huo kwa sababu haumlazimishi mtu ashindwe. Vyanzo viwili vya kuaminika vikipingana, makala inavitaja vyote viwili, kila kimoja na aliyekitoa, mwaka wake na njia iliyotumika.

Chukueni ile idadi ya milioni 5.4 tunayoisikia kila tunapoongelea vita vya Kongo. Shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi mara tano kati ya 2000 na 2007. Likakadiria kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 vilitokea vifo milioni 5.4 zaidi ya vile ambavyo vingetokea bila vita, vingi vikiwa vya malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, si vya risasi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, wakaipinga hesabu hiyo. Hawakusema kwamba Wakongomani hawakufa. Waliuliza: kabla ya vita walikuwa wakifa wangapi? Shirika lilitumia wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi. Wapinzani wakajibu kwamba Kongo ilikuwa na hali mbaya zaidi ya hiyo hata kabla ya vita, kwa hiyo vifo vya ziada ni vichache zaidi. Msomaji aliyeelezwa haya anaweza kupima mwenyewe. Lakini leo tunasikia milioni sita, hata kumi, na hakuna anayesema ametoa wapi. Tunampa anayetaka kukana mateso yetu nafasi ya kukana hata yale yaliyothibitishwa.

Hata hivyo, sheria ya vyanzo inatubana. Sehemu kubwa ya yanayosomeka mtandaoni kuhusu Marabo ni habari za mashambulizi kwenye barabara ya Bunia na Komanda. Habari za waliofungua mashamba ya kwanza, na za mipaka ya zamani, ziko vichwani mwa wazee. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza utafiti kwa Wakuba wa Kasai miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha 1961 kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, mradi yapimwe: msimulizi aliona mwenyewe au aliambiwa, na nani, na ana faida gani. Mwaka 2011 wahariri wa Wikipedia walijaribu njia hiyo India na Afrika Kusini, wakarekodi wenyeji na kuzitaja sauti zao kama marejeo. Lakini mpaka leo, kwenye Wikipedia maandishi yaliyochapishwa ndiyo yanayotangulia.

Na kwetu kuna ugumu mwingine: shahidi akitajwa jina anaweza kuuawa. Ndiyo maana wachunguzi wa haki za binadamu huficha majina ya waliowasimulia. Kijana asimtaje baba yake mtandaoni hata kidogo. Anahitaji mtu wa katikati, anayemjua shahidi, anayemlinda, anayeyalinganisha maneno yake na ya wengine, kisha anayachapisha kwa dhamana ya chuo chake.

Watu hao wapo Bunia, mji mkuu wa Ituri. Wanafunzi wa chuo cha ualimu cha ISP na wa Chuo Kikuu cha Shalom huandika kazi zao za mwisho wa masomo, yaani TFC, huzitetea mbele ya walimu, kisha zinabaki kwenye rafu. TFC peke yake haitoshi kuwa chanzo. Lakini mwalimu anaweza kuchagua iliyo bora, kuihakiki, kuitoa katika jarida la chuo na kuiweka wazi mtandaoni. Redio za jamii nazo zihifadhi vipindi vya wazee pamoja na tarehe na mahali viliporekodiwa.

Nawe kijana, ukifutiwa, usiandike tena kwa hasira. Nenda kwenye majadiliano ueleze nani alisema, lini, na alijuaje. Ninyi walimu mna deni: kijana wa Marabo hawezi kutaja kitabu ambacho profesa wake hakukichapisha.