Mnunuzi akionyesha ufa, tusimwone mchokozi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeifafanua mbele ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi, nikiuchambua muundo wake na maana yake ya nje na ya ndani. Hata hivyo, siku nilipotakiwa kuitii, nilishindwa.

Miaka michache iliyopita niliuza nyumba yangu iliyokuwa kwenye mteremko, nje kidogo ya mji wa Kisii. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa uliochipuka kwenye pembe ya dirisha ukateremka hadi karibu na msingi. Badala ya kutafuta chanzo chake, nilimwita fundi akauziba kwa plasta na kuupaka rangi. Mnunuzi alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwenye mke na watoto wawili, na fedha alizokuwa nazo zilikuwa za mkopo. Alizunguka nyumba mara moja, kisha akaniuliza kwa adabu, "Daktari, nyumba haina shida?" Nami nikamjibu, "Mwalimu, si unaiona mwenyewe?"

Kwa sarufi, jibu hilo halikuwa uongo. Kwa kusudi, lilikuwa uongo mtupu. Mvua za masika zilipowadia, ufa ulirejea ukiwa mpana kuliko awali, na maji yakaanza kuingia chumbani mwa watoto. Mwalimu hakunitukana wala hakunipeleka mahakamani. Alinipigia simu, akauliza neno moja tu: "Ulijua?" Wanaisimu hupenda kueleza jinsi kitenzi kimoja cha Kiswahili kinavyoweza kubeba nafsi, wakati na tendo. Sijapata kukutana na kitenzi kizito kuliko hicho. Gharama ya ukuta nilimrudishia, lakini imani yake kwangu sikuweza kuirudisha.

Siyaandiki haya kwa nia ya kujitakasa. Nayaandika kwa kuwa nawaona wenzangu wengi katika kaunti za Kisii na Nyamira wakielekea kwenye kosa lilo hilo. Wanauza nyumba, na mnunuzi anapoomba kasoro fulani irekebishwe kabla hajalipa, ama wanamficha au wanamfokea.

Uuzaji wa nyumba ni jambo geni kwetu. Kwa desturi, nyumba ya Mgusii hurithiwa, haiuzwi. Lakini ardhi imebanana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Miji kama Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo imepanuka hadi mashambani, na nyumba zilizojengwa kwa akiba ya miaka mingi sasa hubadilisha wenyewe kwa sababu ya uhamisho wa kazi, karo au bili za hospitali.

Lugha yetu nayo inachangia ugumu huu. Katika Ekegusii, neno enyomba lina maana ya jengo lenye kuta na paa, lakini pia lina maana ya ukoo unaotokana na mama mmoja. Basi mgeni asemapo kwamba nyumba ina ufa, mzee huhisi kwamba jamaa yake imetiwa dosari. Nimemwona mzee wa heshima akivunja mapatano yaliyokuwa karibu kukamilika kwa sababu tu mnunuzi alitaja kutu ya mabati. Mnunuzi alizungumza juu ya jengo. Mzee alisikia habari za ukoo.

Ni sharti tujifunze kutenganisha maana hizo mbili. Milima yetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao ni mkavu kabisa. Nyumba nyingi zimesimama kwenye miteremko, juu ya udongo uliochimbwa ili kupata kiwanja. Pasipo mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi, ukuta hupasuka. Pasipo mifereji ya paa, plasta hububujika na kuanguka. Kasoro hizo si aibu ya mtu. Ni kazi ya mvua, mteremko na umri. Aibu ni kuzipaka rangi.

Wapo watakaonikumbusha kwamba sheria iko upande wa mwuzaji. Ni kweli kwamba kanuni tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na asipokagua, kilio ni chake. Katika majimbo mengi ya Marekani mwenye nyumba hutakiwa kujaza fomu akitaja kasoro anazozifahamu. Sisi hatuna fomu ya namna hiyo. Lakini kanuni hiyo haijapata kuwa kibali cha kudanganya. Anayeuficha ubovu kwa makusudi, au anayetoa jibu la uongo anapoulizwa, aweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Zaidi ya hayo, mahakama si jirani wa mtu. Mnunuzi ndiye atakayekutana nawe sokoni na mazishini.

Basi ombi la matengenezo lipokewe vipi? Kwanza, mwuzaji ajitangulie. Kabla ya kutangaza bei, amwite fundi mwaminifu, na penye ufa mkubwa amwite mhandisi, kisha aandike orodha ya yale yaliyoonekana. Nyumba njema si mlango. Anayemfungulia mnunuzi vyumba vyote, na shimo la maji taka pia, huwa amekwisha kuyazuia maombi mengi ambayo yangekuja baadaye kwa njia ya lawama.

Pili, mwuzaji apambanue kasoro. Zipo zinazohatarisha maisha na afya: msingi unaotitia, boriti zilizoliwa na mchwa, nyaya za umeme zilizo wazi, choo kinachovujisha uchafu karibu na kisima. Hizi mnunuzi ana haki ya kuzisimamia kidete. Zipo pia za uchakavu wa kawaida, kama kitasa kilicholegea au rangi iliyofifia, ambazo bei ya nyumba kuukuu imekwisha kuzizingatia. Kukataa za kundi la pili si ukatili, mradi kukataa kwenyewe kufanywe kwa maneno ya upole.

Tatu, asikimbilie kutengeneza mwenyewe. Mwuzaji anayehama hutafuta fundi wa bei nafuu na kazi ya haraka, kama nilivyofanya mimi. Mara nyingi ni afadhali kupunguza bei kwa kiasi ambacho mafundi wawili wamekadiria, ili mnunuzi asimamie kazi ya nyumba atakayolala ndani yake.

Najua nitaulizwa: je, yule anayeuza kwa sababu mgonjwa wake yuko hospitalini, atatoa wapi fedha za matengenezo? Swali hilo ni la haki, na ndilo linalowasukuma wengi kuficha. Lakini mtu huyo halazimiki kutoa hata shilingi mfukoni. Wanaweza kuafikiana kwamba sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili hadi paa liezekwe upya, au bei ishuke na neno liishe. Atapata pungufu ya alichokitarajia, lakini hatalala akisubiri simu kama niliyoipokea mimi.

Nne, kila kitu kiandikwe. Sheria ya Kenya hudai mkataba wa kuuza ardhi na majengo yake uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili na ushuhudiwe. Matengenezo nayo yaingie humo humo: ni kasoro ipi, nani atairekebisha, kwa gharama ya nani, na ifikapo tarehe gani. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 na kupewa siku 90 za kukamilisha malipo. Ikiwa nyumba imo ndani ya shamba, kuna pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Muda huo watosha kwa fundi kupanda paa na kurejea na taarifa. Maneno kama "nitaiangalia" au "tutaelewana" yasikubaliwe, kwa kuwa kila mmoja huyafasiri apendavyo.

Mnunuzi naye asinielewe vibaya. Kuna wanaokubali bei asubuhi, kisha jioni wakarudi na orodha ndefu ya visingizio kwa kuwa wamejua mwuzaji ana dhiki. Huo nao ni udanganyifu, ijapokuwa umevaa kanzu ya tahadhari. Anayetaka kukagua akague mapema, aombe linalomhusu, na aonyeshe ushahidi wa fundi.

Nawaomba mawakili wa Kisii na Nyamira waanzishe desturi moja isiyohitaji sheria mpya: kila mkataba wa nyumba uwe na ukurasa mmoja ambamo mwuzaji ataandika kasoro anazozijua na kutia sahihi chini yake. Ukurasa huo ungalinganishwa na siku niliyosimama na yule mwalimu uani, ungalinilazimisha kuandika neno "ufa" kwa mkono wangu. Huenda angalinunua kwa bei ya chini, au asingalinunua kabisa. Lakini watoto wake wasingalilala kwenye chumba chenye maji, na mimi nisingalibaki na swali ambalo hadi leo sina jibu lake ila moja: ndiyo, mwalimu, nilijua.